Fred Jowett: Diwani wa Bradford Aliyepeleka Sahani ya Mtoto Bungeni

Historia ya usoshalisti wa Uingereza husimuliwa mara nyingi kupitia viongozi wa kitaifa kama Keir Hardie na Ramsay MacDonald, ilhali msingi wake ulijengwa na watu wa mitaani na viwandani ambao majina yao hayakuvuka sana mipaka ya miji yao. Mmoja wa watu hao ni Frederick William Jowett wa Bradford, kaskazini mwa England, ambaye kwa zaidi ya nusu karne alishikilia kuwa usoshalisti, yaani itikadi inayotaka mali na huduma kuu zimilikiwe na jamii nzima badala ya matajiri wachache, hauna maana usipoonekana kwanza katika nyumba ya mfanyakazi, katika mfereji wa maji machafu unaopita mlangoni kwake, na katika chakula cha mtoto wake. Maisha yake yanaeleza kwa nini siasa ya wafanyakazi ilishika mizizi mapema katika miji ya viwanda, na yanaeleza pia kwa nini mtu aliyefaulu katika baraza la jiji lake aligonga mwamba alipojaribu kuliongoza Bunge kwa njia zilezile.

Mwanzoni mwa karne ya 19 Bradford ulikuwa mji mdogo wa Yorkshire wenye watu wapatao 13,000, lakini kufikia mwaka 1851 idadi hiyo ilikuwa imepita 100,000, kwa kuwa makaa ya mawe, mashine za mvuke na biashara ya sufu vilikutana hapo na kuufanya mji kuwa soko kuu la dunia la nyuzi na vitambaa vya sufu. Fedha za biashara hiyo zilijenga kumbi za fahari na majumba ya wenye viwanda, huku wafanyakazi wakijazana bondeni katika nyumba zilizojengwa mgongo kwa mgongo, zisizo na dirisha la nyuma la kupitisha hewa, na mara nyingi familia kadhaa zikitumia choo kimoja chini ya moshi uliokuwa ukitoka kwenye mabomba ya viwanda kuanzia alfajiri.

Huko ndiko alikozaliwa Jowett tarehe 31 Januari 1864, katika familia ya wafanyakazi, na alipofika umri wa miaka minane aliingia kiwandani kwa utaratibu wa nusu siku, ambao uliwaruhusu wenye viwanda kuwatumia watoto kwa sehemu ya siku mradi sehemu iliyobaki waipitishe darasani, ingawa mtoto aliyeamka kabla ya mapambazuko na kusimama saa nyingi kando ya mashine alifika shuleni akisinzia. Alipotimiza miaka 13 akawa mfanyakazi wa siku nzima, kisha akajiendeleza kwa masomo ya jioni katika chuo cha ufundi cha Bradford hadi akapanda kuwa mnyapara, yaani msimamizi wa mafundi na mitambo ya kufumia, na baadaye meneja. Kupanda huko kulimpa ujuzi ambao wanasiasa wengi wa tabaka lake hawakuwa nao, kwa maana alijua hesabu za mwenye kiwanda sawasawa na alivyojua uchovu wa mfumaji.

Katika miaka ya 1880 Jowett alijiunga na Ligi ya Kisoshalisti, kikundi kilichoongozwa na mshairi na msanii William Morris, lakini wakati huo wasoshalisti wa Bradford walikuwa wachache mno, kwa sababu wafanyakazi waliokuwa na haki ya kupiga kura walizoea kukichagua chama cha Liberal. Chama hicho kilihubiri uhuru wa dini, biashara huria na maendeleo ya elimu, na mbunge wa Bradford, W. E. Forster, ndiye aliyeiandaa Sheria ya Elimu ya 1870, iliyounda bodi za shule za kuchaguliwa kwa kura ili zijenge na kuendesha shule za msingi. Tatizo ni kwamba wengi wa vigogo wa Liberal mjini walikuwa pia wenye viwanda, kwa hiyo urafiki wao na mfanyakazi ulikuwa na kikomo, na kikomo hicho kilionekana wazi majira ya baridi ya mwaka 1890.

Mwaka huo Marekani ilipandisha ushuru wa bidhaa kutoka nje kwa sheria iliyopewa jina la McKinley, na Samuel Cunliffe Lister, mmiliki wa kiwanda kikubwa cha hariri na mahameli cha Manningham, akatangaza wiki chache kabla ya Krismasi kwamba mishahara ya sehemu kubwa ya wafanyakazi wake ingekatwa ili kufidia soko lililopotea. Maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake na wasichana, walisusia kazi kuanzia Desemba 1890 hadi mwishoni mwa Aprili 1891, wakiishi kwa michango iliyokusanywa mitaani na katika miji jirani. Wakuu wa mji waliwanyima mahali pa kufanyia mikutano, polisi wakawatawanya, na hatimaye mwezi Aprili wanajeshi wakaletwa barabarani baada ya kusomwa ile sheria iliyoamuru umati uondoke la sivyo utumike mtutu.

Mgomo ulishindwa na watu wakarudi kazini kwa mishahara iliyopunguzwa, lakini funzo lake halikupotea, kwa kuwa wafanyakazi waliona kwa macho yao kwamba madiwani wa Liberal na wa Conservative, waliokuwa wakitupiana maneno makali wakati wa uchaguzi, walisimama upande mmoja mfuko wa mwenye kiwanda ulipoguswa. Mwezi Mei 1891 Jowett na wenzake wakaunda Umoja wa Labour wa Bradford, uliokusudia kuwasimamisha wagombea wa wafanyakazi wenyewe bila kuomba baraka za chama chochote. Katika uchaguzi mkuu wa 1892 Ben Tillett, kiongozi wa makuli wa bandari ya London, aligombea Bradford Magharibi kwa tiketi hiyo na kupata karibu theluthi moja ya kura, na mwaka huohuo Jowett akachaguliwa diwani wa kata ya Manningham, kata ileile ya mgomo, akiwa msoshalisti wa kwanza kuingia katika baraza la Bradford.

Sifa ya mji huo ilienea kiasi kwamba tarehe 13 na 14 Januari 1893 wajumbe wapatao 120 kutoka sehemu mbalimbali za Uingereza walikutana katika jengo la Taasisi ya Labour, mtaa wa Peckover, na kuanzisha Chama Huru cha Labour, kilichojulikana kwa herufi zake ILP. Wajumbe walikubaliana kwamba lengo ni njia za uzalishaji mali zimilikiwe na umma, ila walikataa kuliweka neno la usoshalisti katika jina la chama, wakihofia kuwafukuza wanachama wa vyama vya wafanyakazi ambao walitaka kwanza mtu wa kuwasemea kuhusu mishahara na saa za kazi.

Jowett alikaa barazani hadi mwaka 1907, na miaka hiyo 15 ndiyo iliyomfanya awe mwanasiasa wa aina yake. Wakati huo Bradford haikuwa ngeni kwa shughuli za umma, kwani mwaka 1889, kabla hajawa diwani, mji huo ulikuwa wa kwanza nchini kuwa na kituo cha umeme kilichomilikiwa na manispaa yenyewe, na wafanyabiashara hawakuona kasoro yoyote kuuziwa na baraza maji, gesi na umeme kwa bei nafuu. Hoja ya Jowett ilikuwa kwamba mali ya umma peke yake si usoshalisti, ila hutegemea inamfaa nani, kwa hiyo alitaka makandarasi wa manispaa wawalipe mafundi kima kilichokubaliwa na vyama vya wafanyakazi, na alitaka pia faida ya huduma hizo isaidie maskini badala ya kupunguza tu kodi ya majengo ya matajiri. Siasa ya namna hiyo, inayotumia mamlaka ya jiji kubadili maisha bila kungoja serikali kuu, huitwa usoshalisti wa manispaa.

Uwanja mgumu zaidi ulikuwa makazi. Jowett, aliyefikia kuwa mwenyekiti wa kamati ya afya, alielekeza nguvu zake katika Longlands, mtaa wa nyumba chakavu katikati ya mji ambako vifo vilikuwa vingi kuliko katika vitongoji vya wenye nafasi, na akataka baraza linunue eneo lote, libomoe nyumba hizo na kujenga nyingine za kupangishwa. Wenye nyumba walipinga kwa kuwa kodi za vyumba vibovu ziliwaingizia fedha nyingi, na walipa kodi ya majengo walipinga kwa kuogopa gharama, hivyo mpango ulipigwa danadana kwa miaka mingi kabla haujatekelezwa. Ubishi huo ulimfundisha Jowett kuandika ripoti zenye takwimu za vifo na za idadi ya watu kwa chumba, badala ya kutegemea hotuba za kuamsha hisia, na mara kwa mara aliwapata madiwani wa vyama vingine ambao, wakiisha kuona hesabu, walipiga kura pamoja naye.

Suala lililompa jina nje ya Bradford, hata hivyo, lilikuwa njaa ya watoto wa shule. Mwaka 1893 Margaret McMillan, mwanaharakati wa ILP, alihamia mjini humo, na mwaka uliofuata akachaguliwa katika bodi ya shule, ambako kwa ushirikiano na daktari James Kerr alipigania watoto wapimwe afya na wapate mahali pa kuoga shuleni. Kadiri watoto walivyopimwa ndivyo ilivyodhihirika kwamba mtoto aliyekuja bila kula hafundishiki, na kwamba hisani ya vikundi vya kujitolea, ingawa iliwalisha baadhi yao, haikuweza kuwafikia wote wala kuwa ya kila siku. Sheria ya Elimu ya 1902 ilizifuta bodi za shule na kuhamishia kazi zake kwenye mabaraza ya miji, McMillan akaondoka kwenda London, na mzigo huo ukawa wa Jowett na wenzake barazani, wakikabiliwa na kikwazo kwamba sheria haikuipa manispaa ruhusa ya kutumia kodi kununua chakula cha wanafunzi. Njia pekee iliyokuwapo ilikuwa kupitia wasimamizi wa misaada ya maskini, waliotakiwa wamtoze baba gharama hizo, utaratibu uliowafanya wazazi wengi waone aibu kuuomba.

Jowett alikuwa amegombea ubunge wa Bradford Magharibi mwaka 1900 na kushindwa kwa kura 41 tu, lakini katika uchaguzi wa 1906 alishinda, akiwa mmoja wa wabunge 29 wa kundi ambalo mara baada ya uchaguzi lilijiita chama cha Labour. Hotuba yake ya kwanza Bungeni ilihusu chakula cha watoto wa shule, akiunga mkono muswada uliowasilishwa na mbunge mwenzake wa Labour, na mwishoni mwa mwaka huo Sheria ya Elimu kuhusu Utoaji wa Chakula ikapitishwa. Sheria hiyo iliruhusu mamlaka za elimu kutumia nusu peni katika kila pauni ya thamani inayotozwa kodi ya majengo kulisha watoto walioshindwa kusoma kwa sababu ya njaa, ila haikulazimisha, kwa hiyo mji uliotaka kufumba macho uliendelea kufumba.

Bradford haukungoja. Mwaka 1907 daktari wa shule za jiji, Ralph Crowley, aliteua watoto 40 wenye lishe duni na kuwapatia kifungua kinywa cha uji wa shayiri, mkate na maziwa, kisha mlo kamili wa mchana, kwa miezi kadhaa, huku akiwapima uzito na kuwalinganisha na watoto wengine ambao hawakuwamo katika mpango huo. Waliolishwa waliongezeka uzito kwa kasi, wakapungua shule zilipofungwa, na wakaanza kuongezeka tena zilipofunguliwa, matokeo ambayo yaliwafunga mdomo waliodai kuwa wazazi ni wavivu tu na kwamba chakula nyumbani kipo. Meza zilitandikwa vitambaa na kupambwa maua, wasichana wakubwa wakisaidia kuwahudumia wadogo, kwa sababu waandalizi walitaka mlo huo uwe sehemu ya elimu na usifanane na foleni ya sadaka. Mwezi Oktoba mwaka huo jiko kuu lilifunguliwa katika shule ya Green Lane, ambayo mwalimu mkuu wake, Jonathan Priestley, alikuwa baba wa mwandishi J. B. Priestley, na kutoka hapo chakula kikasambazwa kwa shule nyingine.

Bungeni Jowett alikuta utaratibu uliomkera. Katika baraza la jiji kila idara iliongozwa na kamati yenye madiwani wa vyama vyote, waliopitia hesabu, kuwahoji maofisa na kuamua kila jambo kwa uzito wake. Katika Bunge uamuzi ulikuwa wa mawaziri, na mbunge wa kawaida alipiga kura kama chama kilivyoamuru, kwa hofu kwamba serikali ikishindwa katika jambo lolote ingeanguka. Mwaka 1909 alichapisha kijitabu kilichohoji manufaa ya Bunge la namna hiyo, akapendekeza kila wizara isimamiwe na kamati ya wabunge, na tawi la Bradford likapeleka katika mikutano mikuu ya ILP azimio la kuwataka wabunge wa Labour wapige kura kwa kuzingatia hoja yenyewe bila kujali hatima ya serikali. MacDonald, aliyeamini kuwa chama kidogo hakina budi kupatana na Liberal ili kipate chochote, alilipinga vikali, na hitilafu hiyo kati ya mtu wa kanuni na mtu wa mikakati ilidumu hadi mwisho wa ushirikiano wao.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Jowett alikuwa mwenyekiti wa ILP, chama kilichoikataa vita hiyo wakati sehemu kubwa ya Labour ikiiunga mkono. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba taifa lilifungwa kwa ahadi za siri ambazo mawaziri walizitoa kwa mataifa mengine bila Bunge kujua, jambo ambalo kwake lilikuwa ushahidi mwingine wa ubaya wa kuwaachia watu wachache maamuzi ya wote. Msimamo huo uliwagharimu wapinzani wa vita, na katika uchaguzi wa 1918 Jowett alipoteza kiti chake pamoja na wenzake wengi waliokuwa na mawazo kama hayo.

Alirudi Bungeni mwaka 1922 akiwakilisha Bradford Mashariki, baada ya kuwa mwenyekiti wa chama cha Labour kitaifa, na Januari 1924 MacDonald alipounda serikali ya kwanza ya Labour alimteua kuwa Kamishna wa Kwanza wa Ujenzi, cheo cha uwaziri kilichosimamia majengo ya serikali, majumba ya kifalme na bustani za umma. Mtu aliyeanza kazi ya kiwanda akiwa na miaka minane akakaa katika Baraza la Mawaziri, lakini serikali hiyo haikuwa na wingi wa wabunge, ilitegemea huruma ya Liberal, na haikumaliza mwaka. Jowett alishindwa katika uchaguzi uliofuata, akashinda tena mwaka 1929, ila safari hiyo MacDonald hakumpa wadhifa.

Serikali ya pili ya Labour ilikumbwa na mdororo mkubwa wa uchumi duniani, na ILP ikazidi kuikosoa kwa kuwasahau wasio na kazi, hadi uongozi wa Labour ukawataka wagombea wote waahidi kutii kanuni za kundi la wabunge, ahadi ambayo Jowett, kwa mtazamo aliokuwa nao tangu barazani, hakuweza kuitoa. Alianguka katika uchaguzi wa 1931, na Julai 1932 mkutano maalumu wa ILP, uliofanyika katika jiji lilelile la Bradford ambako chama kilizaliwa, ukaamua kwa kura 241 dhidi ya 142 kujitoa katika Labour. Jowett aliunga mkono uamuzi huo, na matokeo yake yalikuwa mabaya, kwani wanachama waliokuwa karibu 17,000 walipungua hadi chini ya 5,000 kufikia mwaka 1935, mwaka ambao yeye mwenyewe aligombea kwa mara ya mwisho na kushindwa.

Jowett alifariki tarehe 1 Februari 1944, siku moja baada ya kutimiza miaka 80, na miaka miwili baadaye maisha yake yakaandikwa kitabu na Fenner Brockway, mwenzake wa ILP ambaye baadaye alifahamika sana Kenya kama mbunge wa Uingereza aliyetetea uhuru wa makoloni. Ukipimwa kwa vyeo, urithi wake ni mdogo: aliwahi kuwa waziri kwa miezi michache tu, na chama alichokiasisi kilisinyaa akiwa bado hai. Pendekezo lake la kamati za kuzisimamia wizara lilipuuzwa kwa miongo kadhaa, na mwaka 1979 ndipo Bunge la Uingereza lilipoweka mfumo wa kudumu wa kamati za kuzichunguza wizara, tena zisizo na mamlaka ya uamuzi ambayo yeye aliyataka. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba Bunge linaweza kuendeshwa kama baraza la jiji, mahali ambapo hakuna serikali ya kuangushwa.

Ukipimwa kwa mambo yaliyowafikia watu, hukumu ni nyingine. Miezi sita baada ya kifo chake, Agosti 1944, Bunge lilipitisha Sheria mpya ya Elimu iliyoondoa hiari iliyoachwa mwaka 1906, na kuwapatia wanafunzi maziwa na mlo wa mchana kukawa wajibu wa kila mamlaka ya elimu ya England na Wales.